Maji ya Rangi ya Strungi: Je, Samaki Wetu Wako Salama?



Tukitembelea vikundi vyenye mabwawa ya samaki, swali hili halikosi: "Mbona maji yetu yana rangi ya strungi? Tuyamwage?" Ni swali zuri, maana samaki hao ndio chakula cha watoto wetu.

Rangi hiyo yatoka wapi? Majani, nyasi na mafunjo yakioza, sehemu ya uozo huyeyuka majini, kama majani ya chai sufuriani. Hata ukichuja kwa kitambaa, rangi haitoki.

Sasa tuangalie sumu. Humwingia samaki kwa njia mbili: kwa matamvua anayopumulia, na kwa chakula. Chukua dawa ya kopa tunayopulizia kahawa. Mvua ikinyesha huteremka bondeni. Kopa kidogo tu, isiyoonekana kwa macho, huharibu matamvua na kuua samaki, hasa wachanga.

Hapo ndipo uozo ulioyeyuka unaposaidia. Huishika kopa, isiyashike matamvua. Dawa zinazopenda mafuta, kama DDT ya zamani, nazo hunaswa vivyo hivyo. Ni kama mtu mlangoni: akiwa mikono mitupu hupita, akibeba kitanda hukwama.

Basi tusherehekee? Polepole, jameni. Kumbukeni haya:

1. Sumu imeshikwa, haijaisha. Maji yakizidi uchachu, kopa huachiliwa tena.

2. Uozo hauzibi njia ya mdomo. Samaki akila wadudu wa kwenye tope lenye sumu, naye huipata.

3. Zebaki ni jambo lingine. Maji ya kinamasi huweza kuibeba kutoka udongoni hadi mtoni, na vijidudu vya tope lisilo na hewa huigeuza kuwa sumu kali zaidi. Samaki wadogo huila, wakubwa huwala wadogo, na sumu huzidi kujilimbikiza. Kuchemsha au kukaanga hakuiondoi, nayo hudhuru ubongo wa mtoto aliye tumboni. Kwa hivyo wenzetu wa sehemu za machimbo ya dhahabu, kama Migori, wasidanganywe na rangi ya maji.

Tufanye nini basi?

- Msimwage maji kwa sababu ya rangi peke yake.
- Msitupe majani bwawani mkidhani mnaongeza kinga. Yakioza mengi humaliza hewa, na samaki hufa.
- Msioshe pampu ya dawa bwawani wala mtoni.
- Msipulize dawa mvua ikikaribia.
- Acheni ukanda wa nyasi kati ya shamba na bwawa, na mchimbe mtaro wa kugeuza maji ya shambani.

Rangi ya strungi ni msaidizi, si mlinzi. Mlinzi ni sisi wenyewe.

Ya kujadili mkutanoni: Maji ya bwawa letu hupitia mashamba ya nani kabla ya kutufikia? Je, tumeshazungumza naye?