Kuta za Rangi: Shule za Nairobi Kabla ya Uhuru na Urithi Wake

Utangulizi

Mkazi wa Tena anayejiuliza kwa nini shule nyingi za serikali zenye sifa jijini Nairobi ziko mbali na Eastlands hana budi kurejea nyuma ya mwaka 1963. Tena yenyewe ni mtaa uliojengwa baada ya uhuru. Hata hivyo, umesimama upande ambao ramani ya kikoloni ilimtengea Mwafrika. Wazungu walikaa kwenye miinuko ya magharibi, Wahindi wakakaa Parklands na Ngara, nao Waafrika wakasukumwa mashariki, kwenye tambarare ya udongo mweusi unaoganda miguuni wakati wa masika: Pumwani, Kariokor, Shauri Moyo, Kaloleni. Shule nazo zilifuata ramani iyo hiyo. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi mfumo huo ulivyojengwa, fikra ulizoazima kutoka Marekani, na mabaki yake.

Mfumo ulivyojengwa

Mwaka 1909 Profesa Nelson Fraser aliishauri serikali ya kikoloni iweke elimu ya kila rangi mbali na nyingine, na Mwafrika afunzwe zaidi kazi za mikono. Idara ya elimu ilipoundwa mwaka 1911, ilishika njia hiyo. Wavulana wa Kizungu walijengewa Prince of Wales mwaka 1931 na Duke of York mwaka 1949. Wahindi walikuwa na Duke of Gloucester. Elimu ya Waafrika iliachwa zaidi mikononi mwa wamishonari. Wakatoliki walianzisha shule ya Kabaa mwaka 1925, na mwaka 1926 muungano wa misheni za Kiprotestanti ukafungua Alliance, pale Kikuyu.

Tofauti hazikuishia kwenye majengo. Mwaka 1942 elimu ilifanywa ya lazima kwa watoto wa Kizungu, na kwa wavulana wa Kihindi katika Nairobi, Mombasa na Kisumu. Mtoto wa Kiafrika hakutajwa. Badala yake, ripoti ya Beecher ya mwaka 1949 ilimwekea mtihani wa mchujo baada ya miaka minne tu ya masomo. Wengi walikomea hapo. Hata mtihani wa kumaliza msingi ulikuwa wa rangi: Mzungu na wake, Mhindi na wake, Mwafrika na wake.

Kutoka Marekani ya Kusini hadi Kabete

Ikumbukwe kuwa fikra hizi zilikuwa na jamaa zake ng'ambo. Mwaka 1896 Mahakama Kuu ya Marekani ilikubali kuwa watu weusi na weupe wangeweza kutengwa mradi huduma ziwe sawa. Usawa huo haukuonekana. Katika majimbo ya Kusini, shule za Wamarekani Weusi mashambani zilinyimwa fedha, zikategemea wahisani na michango ya wanavijiji wenyewe. Mmoja wa wahisani hao alikuwa Anna Jeanes wa Philadelphia, ambaye mfuko wake uliwalipa walimu waliozunguka kutoka shule hadi shule wakifundisha afya, bustani na ufundi.

Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes, iliyoongozwa na Thomas Jesse Jones na kumjumuisha James Aggrey, mwana wa Afrika Magharibi, ilizuru Afrika Mashariki na kupendekeza mfano huo. Mwaka uliofuata Shule ya Jeanes ilifunguliwa Kabete. Walimu walifunzwa humo pamoja na wake zao ili wakaboreshe vijiji. Mafunzo hayo yalikuwa na manufaa. Hata hivyo, yalimwandaa Mwafrika awe mwanakijiji bora, huku nafasi za uongozi zikiwekewa wengine.

Waafrika hawakukaa kimya. Baada ya mgogoro na wamishonari mwaka 1929, Wakikuyu walianzisha shule huru kwa michango yao. Mbiyu Koinange alikwenda kusoma Hampton, Virginia, mojawapo ya vyuo vya Wamarekani Weusi ambavyo tume ile ilivisifu kwa mafunzo ya kazi za mikono. Hakurudi kufundisha bustani. Mwaka 1939 alianzisha chuo cha ualimu Githunguri, kikawa kitovu cha shule huru. Hali ya hatari ilipotangazwa mwaka 1952, serikali ilikifunga.

Baada ya bendera kupandishwa

Tume ya Ominde ya mwaka 1964 ilipendekeza ubaguzi wa rangi ukomeshwe shuleni. Mitihani iliunganishwa na majina yakabadilishwa: Prince of Wales ikawa Nairobi School, Duke of York ikawa Lenana, Duke of Gloucester ikawa Jamhuri. Lakini karo iliendelea kutenganisha. Shule zilizokuwa za Wazungu zilibaki na viwanja, maktaba na ada za juu. Mwafrika mwenye mshahara mnono aliingia; jirani yake wa Eastlands akabaki na darasa lililofurika.

Kiswahili nacho kilipata hasara. Kilikuwa lugha ya soko na ya matatu, lugha iliyowaunganisha wakazi wa Eastlands waliotoka kila pembe ya nchi. Darasani, Kiingereza ndicho kilichofungua milango. Hadi mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 ndipo Kiswahili kilipofanywa somo la lazima na la kutahiniwa.

Hitimisho

Yaliyotangulia yanaonyesha kuwa ukuta wa rangi ulibomolewa kwa sheria, ila mawe yake yakatumiwa kujenga ukuta wa fedha. Wanachama wa chama chetu wana jukumu hapa. Mzee aliyefanya mtihani wa Waafrika mwaka 1960 sasa anakaribia miaka 80 au ameipita. Wapo wazee wa namna hiyo Kaloleni, Bahati na hata Tena, na kumbukumbu zao wanazisimulia kwa Kiswahili. Tuziandike kwa lugha hiyo, maadamu wenyewe wangalipo.