Kuazima, Kusomeana na Kurushiana: Gharama ya Kusoma Vitabu Katika Kigoma na Ujiji

Watu wanaolinganisha kitabu cha karatasi na kitabu cha umeme aghalabu huanza na mti. Husema kwamba kitabu kilichopigwa chapa kimekula mti, na kwamba kile kisomwacho katika simu janja au kishikwambi hakikula kitu. Nia ya makala haya ni kuonyesha kwamba hesabu hiyo ni pungufu, na kwamba lugha ya Kiswahili yenyewe, ikichunguzwa vizuri, yatuelekeza kwenye hesabu iliyo sahihi zaidi. Mifano nimeitwaa katika Kigoma, Ujiji na mwambao wa Ziwa Tanganyika, kwa sababu huko njia za kusoma za kale na za sasa zakutana mahali pamoja.

Tuanze na maneno. Katika Kiswahili cha zamani kitabu kiliitwa chuo. Leo chuo ni mahali pa kusomea. Katika chuo cha Kurani mtoto hakuanza na kitabu, bali na ubao. Aya iliandikwa kwa wino wa masizi, mtoto akaisoma hata akaihifadhi, kisha ubao ukaoshwa na kuandikwa upya. Ujiji, mji wenye Waislamu wengi tangu zama za misafara ya karne ya 19, haukuwa mgeni wa desturi hiyo. Ubao mmoja uliwatosha watoto wengi, wala haukuacha taka.

Tena kitenzi soma hakisimami peke yake. Chazaa somea, someana na somesha, na katika kila umbo aliongezeka mtu mwingine. Anayesomea wenziwe barua au gazeti barazani ametumia nakala moja kwa masikio kumi. Vilevile lugha yetu yatofautisha kukopa na kuazima: fedha hukopwa, kwa kuwa kinachorudishwa ni mfano wake, kitabu huazimwa, kwa kuwa hurudi kile kile. Siku hizi limeongezeka neno la tatu. Mwanafunzi humwambia mwenzake, "Nirushie kile kitabu," na kitabu kikarushwa kwa simu. Aliyerusha hakupungukiwa, wala aliyepokea hana cha kurudisha. Basi je, kurushiana ni nafuu kuliko kuazimana?

Jibu lategemea kile tunachokihesabu. Mwaka 2010 Daniel Goleman na Gregory Norris walikadiria huko Marekani kwamba chombo kimoja cha kusomea vitabu vya umeme, kwa upande wa mafuta, maji na madini, ni sawa na vitabu 40 hadi 50 vya karatasi. Na kwa upande wa kuipasha dunia joto, ni sawa na vitabu 100 hivi. Makadirio hayo ni ya vyombo vya wakati ule na ya nchi ile, lakini jambo moja ndani yake lafaa popote: mzigo mkubwa umo katika kukiunda chombo. Kwa hiyo chombo kikidumu, kila kitabu kisomwacho humo hupunguza fungu la mzigo; kikiharibika mapema, mzigo umebaki bila kulipwa.

Lakini tahadhari. Hesabu ile yachukulia kwamba kila kitabu hununuliwa na mtu mmoja na kusomwa naye tu. Katika shule ya Ujiji kitabu kimoja cha hadithi chaweza kupita katika mikono ya wanafunzi kumi. Ikiwa ni hivyo, chombo chenye uzito wa vitabu 100 hakina budi kusomewa mara 1,000 ndipo kilingane na karatasi. Kwa upande mwingine, simu ambayo mtu ameinunua kwa ajili ya kuzungumza na kutuma fedha haipasi kutozwa mzigo wote kwa sababu ya kitabu kimoja. Kusoma kwachukua fungu lake tu. Kwa hiyo kipimo cha haki ni idadi ya kusoma, wala si idadi ya vitabu.

Mzigo wenyewe hauko mbali na Kigoma. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, madini yatumikayo katika betri nyingi za simu, huchimbwa Kongo, nchi ambayo milima yake yaonekana ng'ambo ya ziwa siku za hewa safi. Na umeme wa kuzichaji simu, kwa miaka mingi mjini Kigoma ulitoka katika mitambo ya dizeli, kabla mkoa haujaanza kuunganishwa na gridi ya taifa katika miaka ya 2020. Karatasi nayo ina safari yake: kitabu kitokacho Dar es Salaam kwa reli huenda karibu kilometa 1,250.

Tofauti kubwa iko mwishoni. Daftari kuukuu na kitabu kilichochanika hufungiwa karanga, hasa tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Kisha karatasi huoza. Betri haiozi. Ziwa Tanganyika, lenye kina cha mita 1,470 hivi, lina mto mmoja tu wa kutokea, Lukuga, na sehemu kubwa ya maji yake hupotea kwa kugeuka mvuke. Kwa hiyo sumu iingiayo humo hukaa muda mrefu sana, nasi twanywa na kuvua humo humo.

Haifuati kwamba mashine ni adui. Mwaka 1871 David Livingstone, akiwa Manyema, aliishiwa na karatasi, akaandika shajara yake juu ya kurasa za gazeti kuukuu kwa wino wa mimea. Mwaka huo huo alirudi Ujiji. Wino ukafifia, hata wataalamu wakatumia picha za miale ya namna mbalimbali kuyafufua maandishi hayo, wakayatangaza mwaka 2011. Karatasi ilihifadhi; mashine ikafungua.

Basi yatupasa kuamua kwa busara. Vishikwambi vilivyotumika katika sensa ya mwaka 2022 viligawiwa walimu baadaye, na Taasisi ya Elimu Tanzania yatoa vitabu vya shule katika maktaba yake ya mtandao. Vyombo hivyo vimekwisha kuundwa. Na virekebishwe, vidumu, na betri zake zikusanywe. Kamusi na vitabu vya kiada vibadilikavyo mara kwa mara virushwe. Hadithi na mashairi, vitu vya kurudiwa miaka mingi, vipigwe chapa kwa karatasi imara na viwekwe katika maktaba ya shule. Kwani kitabu kilicho ghali kuliko vyote kwa dunia, kiwe cha karatasi au cha umeme, ni kile ambacho hakuna aliyekisoma.