Bwawa la Kuogelea Wakati wa Vizuizi vya Maji: Mwongozo kwa Kaya za Toronto

Vizuizi vya matumizi ya maji vinapotangazwa, bwawa la kuogelea huwa la mwisho kupewa maji, lakini usalama wake huhitaji uangalizi mkubwa kuliko siku za kawaida. Kipeperushi hiki kinaeleza sababu za vizuizi hivyo na njia za kulinda afya ya familia wakati maji ya bwawa yanapopungua. Kinawahusu wenye nyumba, familia zenye kidimbwi cha plastiki cha watoto, na wakazi wa maghorofa yenye bwawa la pamoja.

Kwa nini maji yazuiliwe kando ya ziwa kubwa?

Toronto huchota maji yake katika Ziwa Ontario. Mkazi anayeliona ziwa hilo kila siku anaweza kujiuliza maji yatapungua vipi. Jibu ni kwamba maji ya ziwani si maji ya bombani. Ni lazima yasafishwe, yatiwe dawa, yasukumwe kwa pampu, yahifadhiwe katika matangi na kupitishwa katika mabomba. Upungufu waweza kutokea katika hatua yoyote kati ya hizo.

Mfano ulio wazi ni mji wa Calgary, magharibi mwa Kanada. Tarehe 5 Juni 2024, bomba kuu la Bearspaw Kusini lilipasuka, na wakazi wakazuiwa kwa wiki kadhaa kutumia maji ya bomba nje ya nyumba, ikiwemo kujaza mabwawa. Miji mingine ina utaratibu wa kila mwaka. Guelph, iliyo karibu na Toronto na inayotegemea zaidi maji ya chini ya ardhi, huweka ngazi za vizuizi kulingana na hali ya ukame.

Waliowahi kuishi Dar es Salaam, Nairobi au Mombasa wanaujua mgao wa maji: bomba hukauka, na kila nyumba hutegemea akiba ya mapipa na matangi. Nchini Kanada hali huwa tofauti. Bomba huendelea kutoa maji, ila kaya huagizwa kuyaacha kwa matumizi fulani. Kwa kuwa maji yangali yanatoka, ni rahisi kudhani kwamba agizo hilo ni jepesi. Sivyo. Maji yakitumika kwa wingi kwa wakati mmoja, shinikizo katika mabomba hushuka, na shinikizo hilo ndilo linalofikisha maji hospitalini na kwa wazima moto.

Vizuizi vya nje ya nyumba havigusi maji ya kunywa, kupika, kuoga na kutawadha.

Bwawa hutumia maji kiasi gani?

Bwawa lenye urefu wa mita 8, upana wa mita 4 na wastani wa kina cha mita 1.5 huchukua lita 48,000. Mtu mmoja nchini Kanada hutumia nyumbani takriban lita 220 kwa siku. Kwa hiyo, kulijaza bwawa hilo mara moja ni sawa na matumizi ya mtu mmoja kwa zaidi ya miezi saba. Hata kuongeza maji kidogo kuna uzito wake: kila sentimita moja katika bwawa hilo ni lita 320.

Kujaza na kuongeza

Kujaza bwawa tupu na kuongeza maji yaliyopungua ni mambo mawili tofauti, na tangazo laweza kuyatenga. Kaya isome tangazo lenyewe, isitegemee maneno ya jirani. Pale ambapo yote mawili yamekatazwa, bwawa libaki lilivyo.

Upotevu wa maji waweza kupunguzwa kwa njia zifuatazo:

• Bwawa lifunikwe lisipotumika. Kifuniko huweza kupunguza maji ya kuongezwa kwa theluthi moja hadi nusu. Kiondolewe chote kabla ya mtu kuingia, kwa sababu mtoto akinaswa chini yake huenda asionekane.

• Uvujaji uchunguzwe. Ndoo iliyojaa maji iwekwe juu ya ngazi ya bwawa, na kina cha maji ya ndoo na cha bwawa vitiwe alama. Baada ya saa 24, ikiwa maji ya bwawa yameshuka kuliko ya ndoo, huenda bwawa linavuja na linahitaji fundi.

• Michezo ya kurushiana maji na chemchemi za mapambo zisimamishwe.

Mpira wa maji usizamishwe bwawani

Hili ndilo jambo linalosahaulika zaidi. Bomba kuu linapopasuka, shinikizo huweza kushuka ghafla. Ikiwa ncha ya mpira imezama bwawani wakati huo, maji ya bwawa, pamoja na dawa na vijidudu vyake, huweza kufyonzwa na kurudi katika mabomba ya nyumba, yaani katika maji ya kunywa. Pale ambapo kuongeza maji kunaruhusiwa, ncha ya mpira iwe juu ya uso wa maji, na bomba la nje liwe na kifaa cha kuzuia maji kurudi nyuma. Mtu mzima asimame hapo hadi kazi iishe.

Maji yakipungua, hatari huongezeka

Maji yakishuka chini ya tundu la kunyonyea, pampu huvuta hewa na kuharibika, na maji huacha kuchujwa. Pampu izimwe kabla ya kufikia hapo, na bwawa lifungwe. Bwawa lisitumike ikiwa sakafu yake haionekani waziwazi: maji machafu humficha anayezama.

Bwawa linaloendelea kutumika lipimwe kila siku. Klorini iwe miligramu 1 hadi 3 kwa lita, na kipimo cha pH kati ya 7.2 na 7.8. Mwenye kuharisha asiingie kabisa, kwani vimelea vya kuhara vinavyoitwa kriptosporidiamu huweza kuishi kwa siku kadhaa hata katika maji yenye klorini.

Bwawa la kuchimbwa lisikaushwe bila ushauri wa fundi. Maji ya chini ya ardhi huweza kuliinua au kulipasua. Pia maji yenye klorini au chumvi yasimwagwe barabarani, katika mfereji wa maji ya mvua wala kwa jirani.

Uzio unabaki kuwa sharti. Toronto hutaka bwawa lolote la nje lenye kina cha zaidi ya sentimita 60 lizungushiwe uzio, liwe la kuchimbwa au la kusimamishwa juu ya ardhi. Bwawa lenye maji nusu bado huua, na mtoto mdogo huweza kuzama kimya katika maji ya sentimita chache.

Kidimbwi cha plastiki cha watoto

Kidimbwi hiki hakina chujio wala dawa, hivyo maji yake yanapaswa kumwagwa kila siku. Wakati wa vizuizi, mzazi huweza kushawishika kuyatunza kwa siku kadhaa ili asipoteze maji. Asifanye hivyo. Maji yaliyotuama huzaa vijidudu, na katika siku za joto mbu huweza kukomaa humo kwa muda wa wiki moja hivi. Mbu wa Toronto wanaweza kubeba virusi vya West Nile. Maji ya mvua ya kwenye mapipa nayo hayafai kuogelea watoto, kwa kuwa hubeba kinyesi cha ndege kutoka mapaani. Kilicho salama ni kukikausha kidimbwi na kukigeuza kifudifudi hadi vizuizi viondolewe.

Wapi pa kupoza mwili?

Jiji la Toronto lina zaidi ya mabwawa 50 ya nje, na kuogelea kwa burudani humo hakutozwi ada. Maji yake hupimwa, na waokoaji huwepo. Kabla ya kuondoka nyumbani, familia ihakikishe kwamba bwawa limefunguliwa. Mabwawa ya pamoja ya maghorofa hukaguliwa na wakaguzi wa afya ya umma. Mpangaji akiona maji yamefifia au yametiwa ukungu, amjulishe msimamizi wa jengo, na asiporidhika apige 311.

Namba 311 hupokea maswali kuhusu vizuizi, uvujaji na mabwawa, na mpigaji huweza kuomba mkalimani wa Kiswahili. Mtu akizama au akipoteza fahamu, apigiwe 911 mara moja.