Mbu anatua kwenye chandarua na hafi: nini kimebadilika?

Swali hili linarudi kila msimu wa mvua. Chandarua ni kile chenye dawa, hakina tundu, lakini mbu anatua juu yake, anatulia, kisha anaruka zake. Wengi mnauliza kama dawa imechakachuliwa. Mara nyingi tatizo si dawa. Kundi la mbu ndilo limebadilika.

Nimesema kundi, si mbu mmoja mmoja. Hakuna mbu anayeizoea dawa kama mtu anavyozoea pombe. Mbu huzaliwa na jeni zake, yaani maelekezo ya mwili aliyorithi kwa wazazi. Mara chache maelekezo hayo hunakiliwa tofauti. Kwa baadhi ya mbu, tofauti hiyo inafanya sumu ishindwe kushika mishipa ya fahamu. Kwa wengine, mwili unaivunja sumu haraka kabla haijaua.

Tuseme kijijini kuna mbu 100, na 2 tu wana jeni hiyo. Dawa inaua wengi wa wale 98. Wawili wanabaki kutaga, na jike wa anofelesi hutaga mayai 50 hadi 200 kwa mara moja. Yai huwa mbu kamili kwa wiki mbili hivi. Piga hesabu ya miaka kumi, huku karibu vyandarua vyote vikiwa na dawa za kundi moja tu, pairethroidi.

Na shambani tunaongeza uchujaji. Viuatilifu vingi vya pamba na nyanya ni vya kundi hilohilo. Mvua ikivisukuma dimbwini, viluwiluwi dhaifu hufa humohumo, na wenye jeni sugu ndio wanaoruka kuja nyumbani.

Hata kijiji kisichopulizia hakiko salama, maana mbu huhama na jeni zao, hata ndani ya magari. Bahati nayo ina sehemu yake: kiangazi kikikausha madimbwi yakabaki machache, jeni za mbu wachache waliosalia ndizo zitakazojaa mvua zikirudi.

Ndiyo maana siku hizi kuna vyandarua vyenye dawa mbili. Vilijaribiwa wilayani Misungwi, Mwanza, na matokeo yaliyochapishwa 2022 yakaonyesha kuwa vile vya pairethroidi pamoja na klofenapiri vilipunguza malaria kwa watoto kuliko vya zamani. Shirika la Afya Duniani likavipendekeza 2023.

Hapa sikiliza vizuri. Klofenapiri haishambulii mishipa ya fahamu; inamkatia mbu nguvu mwilini, polepole. Anaweza kuruka usiku huu akafa kesho au keshokutwa. Kwa hiyo usikitupe wala kukigeuza uzio wa bustani kwa sababu umemwona akiruka. Kishone kikichanika, ukichomekee chini ya godoro pande zote.