Herufi Nene Zataka Maneno Machache

Mwaka 1922, kampuni ya Barnhart Brothers & Spindler ya Chicago ilianza kuuza herufi za kuchapia, za madini ya risasi, zilizobuniwa na Oswald Bruce Cooper, msanifu wa matangazo wa mji huohuo. Ziliitwa Cooper Black: nene, zenye tumbo, bila kona kali hata moja, na tundu la “o” limeegemea nyuma kidogo. Wachapaji wahafidhina walizibeza, wenye matangazo wakazigombea. Karne imepita na bado zimo kwenye fulana, kwenye vibao vya maduka, hata ubavuni mwa ndege za easyJet. Wapo wanaosema kudumu huko ni mazoea tu, na kwamba herufi iliyoonekana kila mahali imekwisha ladha. Hoja hiyo inasahau jinsi uchapaji unavyofanya kazi. Herufi yenye ncha hudai wino usiosambaa na karatasi nzuri. Ncha ikipotea, jicho huona kasoro mara moja. Herufi ya mviringo haina ncha ya kupoteza. Ndiyo maana miaka ya 1970 ilipendwa mno kwa majina ya kubandika kwa pasi kwenye fulana: kitambaa kivutike, kifuliwe, jina linasomeka. Tena herufi hizi hukubali kubananishwa hadi neno zima likawa umbo moja, kama kwenye jalada la Pet Sounds, albamu ya kundi la Beach Boys ya mwaka 1966, juu ya picha ya wanamuziki wakilisha mbuzi.

Lakini unene huohuo ndio unaoziwekea mpaka. Matundu ya “a” na “e” ni madogo. Zipunguze hadi ukubwa wa maandishi ya gazeti, nayo hujifumba, aya ikawa ukuta mweusi. Kwetu tunaoandika Kiswahili tahadhari hii ina uzito zaidi, maana maneno yetu ni marefu: “Tunawakaribisha” ina herufi 15 na itameza upana wa bango, ilhali “Karibu” ina sita na inatosha kabisa.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni kwamba herufi za kuchezacheza hazina heshima. Kwenye tangazo la msiba au maelekezo ya dozi ya dawa, nakubali bila kusita: msomaji aliye katika huzuni au hofu asikutane na herufi zinazochangamka. Ila jalada la kitabu cha watoto, kibao cha duka la aiskrimu au bango la tamasha havidai ukali wa hati ya mahakama, na mbunifu anayevivika ukali huo anamnyima mtazamaji furaha aliyoahidiwa. Basi, ewe mbunifu, chagua maneno mawili au matatu, yaandike makubwa, uyaachie nafasi pembeni. Tarehe, bei na maelezo mengine yabebwe na herufi nyembamba.