Mume Bulyanhulu, Mke Uingereza: Nani Atoe Hati ya Mshahara?

Hati ya mshahara ni karatasi ambayo wengi wetu huitazama mara moja tu kwa mwezi. Mfanyakazi husoma makato, akaguna, kisha akaikunja na kuisahau mfukoni mwa suruali hata ikafuliwa pamoja nayo. Lakini iko siku karatasi hiyo huamua kama mtu na mwenziwe watalala chini ya paa moja, au kila mmoja atabaki upande wake wa bahari.

Tuchukue mfano wa fundi wa mitambo aliyeajiriwa katika mgodi wa dhahabu wa Bulyanhulu, wilayani Kahama, ambaye mkewe ni muuguzi Uingereza na amekwisha kupata haki ya ukaazi wa kudumu huko. Mke anataka kumdhamini mumewe amfuate. Fundi wetu anaanza kukusanya hati zake za miaka yote, akidhani kwamba mshahara wa mgodini utawaridhisha maofisa wa uhamiaji. Hapo amekwisha potea njia. Kwa kanuni za Uingereza, mshahara wa mwombaji aliye nje ya nchi hiyo hauhesabiwi. Unaohesabiwa ni wa mdhamini, yaani mke. Kiwango chake cha chini kilikuwa paundi 18,600 kwa mwaka tangu 2012. Aprili 2024 kikapandishwa hadi paundi 29,000. Kwa maoni yangu, huo ni mzigo mzito kwa familia ambayo kosa lake pekee ni kutokuwa na fedha nyingi.

Kwa hiyo mke ndiye wa kuhangaika. Akiwa amekaa kwa mwajiri mmoja miezi 6 au zaidi, atatoa hati za mshahara za miezi 6, taarifa za benki za miezi hiyo hiyo zinazoonyesha fedha zikiingia, pamoja na barua ya mwajiri. Barua yenyewe haitakiwi kumsifu kwamba ni hodari na mwaminifu. Inatakiwa kutaja ameajiriwa tangu lini, mshahara wake kabla ya makato, amelipwa kiwango hicho kwa muda gani, na kama ajira ni ya kudumu au ya muda. Tarakimu zote ni lazima zipatane. Tena, kwa mwenye mshahara maalumu wa mwaka, hutazamwa kiwango cha chini kabisa katika miezi hiyo. Nyongeza ya mwezi uliopita haimsaidii. Hati ya mwisho nayo isizidi siku 28 kabla ya maombi.

Je, hati za Bulyanhulu ni za kutupwa? Hata kidogo. Akiba ya mume inaweza kuziba pengo la mshahara wa mke, mradi imekaa miezi 6 na chanzo chake kielezwe. Aliyelipwa kiinua mgongo atahitaji karatasi ya kuthibitisha. Kanada nayo, ambako ndiko yaliko makao ya Barrick, kwa kawaida haiweki kiwango cha kipato kwa anayemdhamini mwenzi wake, lakini humtaka mwombaji aeleze alikuwa wapi na alifanya kazi gani kwa miaka 10, bila kuacha pengo.

Na hapo ndipo mchimbaji wa Bulyanhulu hupata taabu ya pekee, kwa sababu ya majina. Mgodi ulipofunguliwa 2001, kampuni iliitwa Kahama Mining Corporation. Baadaye ikawa Bulyanhulu Gold Mine. Kampuni mama ilikuwa Barrick, kisha African Barrick Gold 2010, kisha Acacia 2014, kisha Barrick tena 2019. Mtu mmoja, shimo lile lile, lakini karatasi zake zina vichwa mbalimbali. Bado hatujawataja walioajiriwa na wakandarasi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi, na cheti cha utumishi anapoondoka. Lakini wajibu wa kuyahifadhi maelezo hayo ni miaka 5 tu baada ya ajira kukoma. Waliopunguzwa Bulyanhulu mwishoni mwa 2017, baada ya usafirishaji wa makinikia kuzuiwa, muda wao ulikwisha mwishoni mwa 2022.

Aliyechelewa asikate tamaa. Aende ofisi ya NSSF akaombe taarifa ya michango yake, ambayo huonyesha mwajiri aliyechangia na miezi aliyochangia. Benki aiombe taarifa za zamani. Na aliye kazini bado, ndugu msomaji, aombe leo barua moja itakayotaja jina la zamani la kampuni na jina jipya, ili ofisa wa viza ambaye hajapata kuisikia Kahama asidhani kwamba anasoma habari za watu wawili.