Maji ya chumvi na vitoto vya ngolo

Wanamemba wengi wanatuuliza sawasawa: «Jike tulilidunga, mayai yalitoka mengi, mbona yalioza yote?» Mara nyingi shida iko ndani ya bakuli.

Jioni tunalidunga jike mgongoni. Dawa ni kitezi kilicho chini ya ubongo wa ngolo mwingine wa uzito uleule, kilichosagwa na maji ya chumvi. Maji ya basini yakiwa na joto la nyuzi 25, baada ya saa 11 hivi ukilipapasa tumbo mayai yanatoka yenyewe. Lakini dume halikamuliwi. Linachinjwa, mbegu zinatolewa tumboni. Ukiziharibu mbegu, dume limeenda bure na jike limekwisha kutoa mayai.

Na kuziharibu ni rahisi. Mbegu zikiwa mwilini zimelala. Zikigusa maji ya mto au ya kisima zinaamka, zinakimbia, na kwa dakika moja hivi nguvu zimekwisha. Siye mara ya kwanza tuliosha bakuli vizuri, hatukulipangusa. Kesho yake mayai yalikuwa meupe kama unga wa muhogo. Dume lile tulilila na pondu, hatukuongea sana.

Kumbe maji ya chumvi yanaziacha mbegu zilale: gramu 9 za chumvi kwa lita moja ya maji safi. Usipime kwa kijiko. Kisangani hatukosi mizani ndogo, wanunuzi wa almasi wanazo. Sisi tuliazima kwa jirani. Changanya mbegu na maji hayo, mimina juu ya mayai ndani ya bakuli kavu kabisa, koroga kwa unyoya wa kuku. Hapo ndipo unaongeza maji matamu, unakoroga dakika moja, kisha unayatandaza mayai juu ya wavu, yasilaliane.

Vitoto vinaanguliwa baada ya siku moja au moja na nusu. Siku kama tatu vinaishi kwa akiba iliyo tumboni mwao, halafu njaa inaanza. Wenye pesa wanawapa artemia, kidudu kidogo sana. Mayai yake mengi yanatoka Great Salt Lake kule Marekani, yanauzwa kwa makopo. Yanaanguliwa kwa siku moja hivi ndani ya chupa yenye gramu 25 hadi 35 za chumvi kwa lita, huku hewa ikipulizwa. Ndiyo bahari tutakayoiona hapa kwetu! Kopo ni ghali, kwa hiyo sisi tunatia mavi ya kuku katika etangi ndogo wiki moja mbele, tunachuja vidudu vyake kwa kitambaa chepesi.

Kisha angalia kila siku. Mama mmoja alitupigia kelele kutoka basini: «Bakubwa banakula badogo!» Ni kweli, ngolo hajui ndugu. Kitoto kinachozidi wenzake sana kihamishwe basini lingine siku ileile.